Kuachishwa Kazi ya Kumgonga Mume Wangu Ubavuni

Kwa Mheshimiwa Daktari wa Masikio, Pua na Koo,
Chumba cha mwisho kushoto, ukishapita benchi refu.

YAH: KUACHISHWA KAZI BILA NOTISI, NA OMBI LA KURUDISHWA KAZINI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba unalala vizuri. Mimi silali, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Huenda umenisahau, maana kwenye benchi lako tunakaa wengi na wote tuna macho mekundu. Mimi ni yule fundi cherehani aliyekuja na mumewe kinyozi, yule wa shingo nene ambaye mtaa mzima unamwita Msumeno. Jina hilo, Daktari, halikutokana na kazi yake, ingawa wateja wageni wakilisikia hugeuza njia mlangoni. Lilitokana na kukoroma kwake, ambako kunapita ukuta wa matofali na kwenda kusalimia nyumba ya pili.

Utakumbuka pia kilichotuleta. Alikuwa akimnyoa mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake, mwenye masharubu aliyoyalea tangu ujana. Mume wangu akasinzia wima, mashine ya kunyolea ikinguruma mkononi. Mwalimu mkuu naye alikuwa amefumba macho kwa kumwamini. Alipoyafumbua, sharubu la kushoto lilikuwa limekwisha ondoka. Ikabidi na la kulia lifuate, na kesho yake mlinzi wa shule akamzuia getini akamwambia wazazi wanaonwa Ijumaa.

Ndipo ukatueleza kwamba mtu tuliyedhani analala kupita kiasi, kumbe halali kabisa. Koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, kisha mchezo unaanza upya, usiku kucha. Ukasema moyo unachoka na mambo hayo, na kwamba siku moja mtu anaweza asishtuke. Ukampa mashine yenye bomba, na barakoa ya kuvaa puani. Mpaka hapo sina neno.

Neno langu linaanzia pale ulipomaliza kumfundisha kufunga mikanda, ukanigeukia, ukasema, "Na wewe mama, sasa nenda ukalale."

Hivyo ndivyo nilivyoachishwa kazi. Kwa mdomo, mbele ya mume wangu, muuguzi akitabasamu pembeni.

Kwa kuwa hukuniuliza kazi yangu ilikuwa ipi, acha nikueleze. Kukoroma kwenyewe hakukuwahi kunisumbua. Nilikuzoea kama watu wanavyozoea mvua juu ya bati. Kilichonitoa usingizini ni pale kulipokatika. Hapo nilifungua macho, nikasikiliza, na nikiona kimya kimezidi namgonga ubavuni kwa kiwiko. Anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anasema "Nipo," kisha anaendelea na msumeno wake. Asubuhi hakumbuki chochote. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kukosa kumwita, naye hajawahi kukosa kuitika. Hata nilipokwenda kujifungua nilimwachia zamu mama yake, ambaye aliifanya vizuri, ila yeye alitumia mwiko.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Sikupewa notisi. Pale nilipojifunzia ushonaji, mwenzetu aliyeunguza suruali ya bwana harusi kwa pasi, asubuhi ya harusi yenyewe, aliambiwa amalizie wiki. Mimi sijaunguza kitu. Nilimleta kwako akiwa hai, na ushahidi ni kwamba alipanda ngazi mwenyewe.

2. Aliyepewa nafasi yangu hana ujuzi. Mimi najua kimya chake cha kugeuka upande, najua kimya cha ndoto, na najua kile kimya chenyewe, kinachonifanya mikono iwe baridi. Mashine yako haijui tofauti. Inapuliza tu, shhh, shhh, kana kwamba ni mimi ninayepiga kelele. Usiku wa kwanza nilishindwa kujizuia, nikamgonga kama kawaida. Badala ya kusema "Nipo," akaivua barakoa, akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, unataka nini?" Fikiria aibu hiyo. Nikasema nataka maji. Akaenda kuniletea, nami ikabidi niyanywe.

3. Sina usingizi. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia mambo ambayo mke mwenye msumeno ndani hapaswi kuyasikia. Nasikia bomba la jirani likidondosha matone. Nasikia panya darini, na nina hakika wanatusengenya. Nimejaribu kujitengenezea kelele yangu mwenyewe kwa kuamka na kukanyaga cherehani, na matokeo yake nimeshona mapazia mengi kuliko madirisha tuliyo nayo. Yaliyobaki nimeyatundika ukutani. Wageni wanayafunua kwa shauku, wanakuta ukuta.

4. Mama mkwe wangu ameathirika. Analala chumba cha pili, na kwake ule msumeno ulikuwa taarifa ya kila usiku kwamba mwanawe yu hai. Usiku wa kwanza wa mashine hakusikia kitu, akaja na tochi. Mwanga ukamwangukia mtu mwenye mkonga. Akapiga ukelele uliomwamsha mume wangu, naye kwa nia njema akataka kumtuliza mama yake bila kuivua barakoa, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Mama alikimbia kinyumenyume, akaangukia gauni la bibi harusi nililokuwa nimelimaliza siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kulala anapita chumbani kwetu na kuiamkia mashine. Anaiamkia kwa heshima zote, mama wa watu, mvi kichwani. Anasema kitu kinachompa mwanawe pumzi si cha kukipita bila salamu. Miye mkwe wake nilimpa mwanawe pumzi kwa kiwiko miaka yote hiyo, na salamu yangu ya asubuhi ilikuwa kuulizwa mbona chai haina sukari.

5. Mtaa umekosa mkate. Ukuta wa chumba chetu ndio ukuta wa jirani yetu mwoka mikate. Kumbe yeye hakuwahi kununua saa ya kumwamsha. Alimtegemea mume wangu. Anasema usiku ukianza msumeno ulikuwa unachana mbao, na alfajiri ikikaribia ulibadilika ukawa kama unapiga randa, na hapo ndipo alipojua unga umefika wakati wa kukandwa. Tangu mashine iingie analala hadi jua linamchoma uso, na mkate wa kunywea chai unafika wakati watu wanaosha sahani za mchana. Alikuja mlangoni na wasiwasi mwingi, akaniuliza, "Mama, mzee amehama, au kuna msiba hamjatutangazia?" Nilipomweleza, aliomba aingizwe kwenye barua hii kama mlalamikaji wa pili. Alama ya unga uliyoiona juu ya bahasha ni sahihi yake.

6. Mume wangu amepona kupita makubaliano. Nilidhani utamtibu usiku. Hukuniambia kwamba utamgusa na mchana. Zamani nilikuwa nikimweleza jambo mezani, anaitikia kwa kichwa, halafu kichwa kinabaki huko huko chini. Nilifanya mambo yangu kwa amani. Sasa anasikiliza hadi mwisho! Ananiuliza maswali! Nilichomwambia asubuhi anakikumbuka jioni, na amenishika uongo mara kadhaa. Ameutengeneza mlango uliokuwa ukilia tangu tuhamie, na mlango ule ndio ulionitangazia kwamba mama yake anakuja. Anaimba akinawa. Amepanga viatu vya familia kwa ukubwa. Kazini sifa zimerudi, hata mwalimu mkuu ameanza kufuga masharubu mapya na amekwenda mwenyewe kukaa kwenye kile kiti, ingawa naambiwa safari hii hakufumba macho, alimkazia mume wangu macho kwenye kioo mpaka mwisho. Na juzi, tukiwa tunakula, mtu huyo aliniangalia kwa muda mrefu, akaweka kijiko chini, akasema, "Mbona macho yako yamekuwa mekundu hivyo?" Daktari, nilitaka kummwagia mchuzi. Yamekuwa mekundu tangu harusi. Yeye ndiye aliyeyaona juzi.

7. Sisikii tena "Nipo."

Hili nimelihesabu peke yake kwa sababu halina maelezo mengi. Mchana mimi ni fundi kama mafundi wengine, na wateja wananigombeza mikono ya gauni ikipita kipimo. Lakini usiku nilikuwa mtu muhimu. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye bila kiwiko changu asingeiona asubuhi, nami nilijua hivyo, na kujua huko kulinipendeza. Naionea wivu mashine yako. Nimeandika, sifuti. Usiku nalala chali, natazama dari, yeye anapumua vizuri kama mtoto, na sijui kitandani pale mimi ni wa nini.

Kwa hayo yote, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo. Kwanza, mashine irudishwe kwako, ipewe mtu asiye na mke. Pili, mimi nirudishwe kazini na kiwiko changu, kwa masharti yale yale ya zamani, wala sidai nyongeza. Ikiwa hilo ni gumu, niko tayari kugawana zamu, mashine ichukue siku za kazi na mimi nibaki na mwisho wa wiki na sikukuu. Na ikiwa hata hilo limeshindikana, basi niandikiwe cheti cha utumishi, chenye muhuri, kieleze kwamba katika muda wote niliokuwa zamu mume wangu hakufa hata mara moja. Nitakitundika ukutani kwenye pazia mojawapo.

Nisipojibiwa, nitalifikisha suala hili kwa afisa kazi. Nakuarifu kwa nia njema kwamba afisa kazi ni mteja wangu, kwamba suruali zake zote ziko kwangu kupunguzwa kiuno, na kwamba hazitatoka hadi anisikilize. Jana nimemwona akienda ofisini amefunga shuka chini ya koti. Naamini kesi yetu itasikilizwa haraka.

Nisalimie muuguzi aliyetabasamu, simchukii. Nisalimie mlinzi wa getini anayetuamsha kwenye benchi zamu zetu zikifika, na wote wanaokaa pale wakiegemeana mabega bila kujuana. Nisalimie nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, na yeyote unayelala naye chumba kimoja, ambaye ningependa siku moja anieleze ukweli. Mume wangu anakusalimu kwa moyo mkunjufu na anasema ukipita uje akunyoe. Mama mkwe anakusalimu, na anauliza kama mashine ina ndugu zake huko ili nao wapelekewe salamu.

Nabaki kuwa wako mtiifu, niliye macho,

Fundi cherehani, mke wa Msumeno
(na jirani mwoka mikate, kwa unga)

Tanbihi: Barua ilikuwa imekwisha kugundishwa, nimelazimika kuifungua kwa mvuke wa birika. Tafadhali ifute sahihi ya unga. Jirani amejitoa kwenye kesi. Anasema leo ameamka kwa wakati wake, msumeno ukipiga randa kama zamani, na mkate umefika ungali moto. Nilimwambia haiwezekani, kwa kuwa usiku wa jana mume wangu hakulala.

Umeme ulikatika, Daktari, mara tu baada ya sisi kupanda kitandani. Mashine ikazima. Huo ndio usiku niliokuwa nauomba, zamu yangu imerudi yenyewe bila barua. Nami nikalala. Nililala kama gunia. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeingia, na yeye ameketi ameegemea ukuta, barakoa mapajani, macho mekundu kama ya watu wa benchi lako. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Mashine imezima, na wewe umelala. Nikilala na mimi, nani atanigonga?" Nikamwambia si ungeniamsha. Akasema alikwisha nyanyua kiwiko, akaniona nilivyolala, akakishusha.

Kwa hiyo mashine ibaki. Ninachoomba sasa ni betri ya akiba, kubwa, na hili la betri silifanyii mzaha. Suruali za afisa kazi nimezipeleka leo.

Anasema pia kwamba karibu na alfajiri nilinyamaza ghafla, kimya kikazidi, mikono yake ikawa baridi, hakuweza kuvumilia. Akanigonga ubavuni, polepole. Anaapa kwamba sikufumbua hata jicho. Nilisema, "Nipo," nikaendelea na msumeno wangu.