Kabati Namba Thelathini na Moja

Jumatano, 12 Februari

Tko! Mpira wa gofu ukitumbukia shimoni. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa juu ya mfuko wa fimbo za baba, naye akasema sauti hiyo inamlipa mtu jua la siku nzima. Miaka miwili tangu tumzike, bado naisikia nikipiga mswaki.

Leo katibu wa klabu ameniita. Kabati la baba haliwezi kuendelea kukaa bila mchezaji. Ndani kuna kofia yake, glovu iliyokauka kwa umbo la mkono wake, harufu ya peremende. Litaenda kwa mwanafamilia anayecheza. Tuko wawili: mimi, na binamu yangu daktari wa meno. Baba alitufundisha wote. Tutashindana Jumamosi, mashimo kumi na nane. Mwenye mapigo machache analichukua.

Binamu kacheka, eti nisijichoshe, dada, atakuwa ananiazima ufunguo. Kuniazima!

Alhamisi, 13 Februari

Nina mpango. Binamu hushinda kwenye kiyoyozi mwaka mzima. Jua litamyeyusha. Nimemwomba katibu atupangie saa saba mchana. Kaniuliza kama niko sawa. Sijawahi kuwa sawa hivi.

Nimejizoeza: saa mbili nikizunguka uani juani, nimevaa koti la sufu. Mama kachungulia dirishani, akauliza kama nina homa. Kufika jioni nilikuwa nayo.

Jumamosi, 15 Februari

Joto la kukaangia. Binamu kaja na mwavuli mkubwa na chupa tatu za maji baridi. Hakuyeyuka hata kidogo! Shimo la tano mimi ndiye niliyekuwa nyang'anyang'a. Akanifunika kwa mwavuli bila kuombwa. Nilikubali kwa sababu za kimkakati.

Halafu, shimo la saba, mikono ikakumbuka. Goti, bega, pumzi. Baba alizoea kusema usiupige mpira, upitie tu. Nikaupitia. Ukapaa, ukatua taratibu kwenye majani mafupi yanayozunguka shimo, nami nikasahau jua, nikasahau binamu. Mashimo kumi ya namna hiyo! Nilikuwa na miaka saba tena. Baada ya shimo la kumi na sita niliongoza kwa mapigo mawili.

Shimo la kumi na saba, mipira yetu ikaingia kichaka kimoja. Tukaikuta imelala jirani, yote ina nukta nyekundu. Baba aliitia nukta mipira yake yote kwa rangi ya kucha ya mama, na tulipogawana vitu vyake kila mmoja alipata pakiti. Hakuna aliyethubutu kuongeza alama yake juu ya mkono wa marehemu.

Binamu akasema tuigeuze kwanza tuione vizuri. Nikasema naujua wangu, ni huu. Nikapiga. Pigo la maisha yangu!

Kwenye majani mafupi binamu akauokota, akaugeuza. Alama za meno. Ya mbwa wake, akasema, chonge ya juu kushoto, ameitambua kitaalamu. Kupiga mpira usio wako ni adhabu ya mapigo mawili, kisha urudi ukapige wako. Nilirudi, na wangu ukataka mapigo mawili kutoka kichakani. Nimeshindwa kwa pigo moja.

Jumapili, 16 Februari

Binamu kaja nyumbani, akaweka ufunguo mezani. Kamwambia mama kabati ni la kwangu. Yeye alitaka mtu wa kucheza naye tu. Tangu baba, mjomba wake, aondoke anazunguka uwanja peke yake, hana hata wa kubishana naye. Mama akalia. Nikautazama ufunguo, umelika pale baba alipoushika. Nikasema nitajibu kesho.

Jumatatu, 17 Februari

Nimetafakari kwa kina. Ni hila. Anataka nimshukuru kwenye kila harusi ya ukoo hadi nizeeke. Na baba hakuwahi kukubali kusamehewa pigo hata moja.

Nimeandika barua: nakataa, nadai turudie Jumamosi ijayo, mashimo yote. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na ufunguo. Saa moja asubuhi, kabla kliniki yake haijafunguliwa, nimeisukuma chini ya mlango. Imeteleza hadi chini ya viti vya wagonjwa, mbali na vidole vyangu. Nimejaribu kuirudisha kwa rula. Haifiki.