Kaptula Rangi ya Mtindi

Jumatatu, 1 Septemba

Nimechaguliwa! Kocha Eliud amesoma majina manne ya kuogelea kwa kupokezana, na langu ni la mwisho. Maana yake mimi ndiye wa kumalizia. Shule tatu: sisi wa Musoma, kisha Bunda na Butiama. Jumamosi ya tarehe 13, hapa hapa ziwani kwetu. Rhobi amewekwa wa akiba. Amenipongeza kwa midomo. Macho hapana.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Mimi ni mtu wa kukaa kimya. Darasani nikiulizwa jibu ninalolijua, nasema sijui, ili niruhusiwe kukaa. Lakini majini hakuna anayeniambia niongeze sauti. Majini ninakuwaga mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hata mimi ninampenda. Nafasi hii siiachii.

Jioni furaha ikakatika. Nimeangalia kalenda ya parokia ukutani kwa Shangazi Grace, ninakoishi. Tarehe 13. Ile ile! Yangu huwaga haikosei, ni kama kengele ya shule. Na kaptula za timu zimefika leo kutoka kwa wafadhili. Rangi ya mtindi.

Aliyechagua rangi hiyo ni mwanaume. Sihitaji kuambiwa.

Hakuna haja ya kumshirikisha mtu. Akili ninayo. Nitapanga.

Jumatano, 3 Septemba

Jaribio la kwanza. Bafuni, ndoo ya maji, pedi moja. Nikaitumbukiza nione. Ikanywa. Ikaendelea kunywa. Ikavimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai, halafu ikageuka na kuelea, imetulia, kama inaota jua. Shangazi akagonga mlango akauliza ninafua nini saa hizi. Nikasema soksi.

Jaribio la pili: pedi nyingine, imefungwa na nailoni. Nikaivaa, nikatembea mpaka dukani hapa Mwisenge kununua chumvi. Kila hatua, chwaka chwaka. Mama muuzaji akaniuliza biskuti nimezificha wapi. Mbwa wa jirani akanisindikiza mpaka mlangoni.

Nilipoitoa chumvi, Shangazi akasema chumvi ipo.

Alhamisi, 4 Septemba

Kumbe kuna kitu kinaitwa tamponi! Ni pamba ndogo, inakaa ndani, na mtu anaogelea nayo. Imo kwenye kitabu cha Baiolojia, mstari mmoja, chini ya picha.

Nikaenda duka la dawa. Muuzaji ni Mzee Ephraim, ndiye anayetufundisha kwaya ya vijana. Nyuma yangu watu wawili. Akauliza mwanangu anahitaji nini. Nikasema Panadol.

Nikazunguka mtaa, nikarudi pakiwa hakuna mtu. Akauliza tena. Panadol.

Mara ya tatu hakuuliza. Alinipa tu.

Nimerudi nikakaa kitandani nikawaza. Kwa Kiingereza naweza kuchora mfumo wote wa uzazi, mishale yake na majina yake, na mtihani wa mwezi wa tano nilipata alama zote. Kwa Kiingereza neno lile halina uzito wowote, ni kama jina la mto wa nchi nyingine. Kwa Kiswahili linanikwama kooni. Kwa Kizanaki hata sijui linasemwaje. Bibi yangu wa Butiama akifika hapo anaangalia pembeni na kusema mambo yale, na sote tunaangalia pembeni pamoja naye. Pengine ningezaliwa Uingereza ningenunua tamponi bila shida. Ila ningeona aibu kununua kitu kingine.

Ijumaa, 5 Septemba

Mpango mkubwa! Kama mimi siwezi kusogea, mashindano yasogee. Wiki moja tu inanitosha.

Mazoezini nikainua mkono. Jeska, mwenzangu wa timu, alidhani nimeumwa na nyuki. Nikasema nimeona konokono wengi sana pale tunapoogelea, na konokono ndio wanaoleta kichocho, na labda kwa usalama wa wote tungesubiri kidogo. Nilisema yote bila kuvuta pumzi. Konokono niliyemwona ni mmoja, na inawezekana lilikuwa jiwe.

Kocha akaweka filimbi chini. Halafu akasema huyu ndiye kiongozi. Akasema timu nzima imwige Jenipher Wanzagi, anayefikiria afya za wenzake kabla ya kombe. Wakanipigia makofi! Nikatamani maji yanifunike.

Rhobi hakupiga makofi. Aliniangalia tu, muda mrefu.

Jumatatu, 8 Septemba

Wahudumu wa afya wamekuja na ule mti wa kupimia urefu. Urefu wako ndio idadi ya vidonge vyako. Hili nililijua tangu shule ya msingi, ziwani kwetu nani halijui? Nililisahau. Na mimi ndiye mrefu kuliko wote.

Rhobi, viwili na nusu. Mimi, vinne. Vikubwa kama vifungo vya koti, vichungu mpaka masikioni. Tulilishwa ugali na dagaa kwanza ili tumbo livumilie. Halikuvumilia. Jeska alitapikia nyuma ya darasa. Matiko alitapika juu ya viatu vya Jeska. Mimi nilifika nyumbani, nikatapika mara mbili kwenye beseni la Shangazi la kuoshea mboga, nikalala na Panadol zangu.

Lakini! Kocha amesogeza mashindano mpaka Jumamosi ya tarehe 20. Nimeshinda. Timu nzima inanichukia, na nimeshinda.

Jumanne, 9 Septemba

Jina jipya: Mama Konokono. Leo Matiko kaniuliza mbele ya wote, "Mama Konokono, wa leo ni dume au jike?" Wakacheka mpaka Kocha akacheka.

Sikujibu. Hilo nalo ni jambo la kufikiria. Ningewaambia ukweli wangeacha kucheka, nina uhakika. Labda wangecheka kidogo, halafu wangeacha. Lakini kati ya kuitwa konokono na kusema neno lile, nimechagua konokono, tena bila kusitasita. Ni uchaguzi wa ajabu ukiuandika.

Jumatano, 17 Septemba

Haijaja.

Tarehe 13, kimya. Jumapili, kimya. Jana, kimya. Labda ni vidonge, labda ni mawazo. Tangu nianze sijawahi kuisubiri hivi. Nakwenda chooni kuchungulia kama mtu mwenye maziwa jikoni. Ikija leo, mpaka Jumamosi itakuwa haijaisha. Ikija Jumamosi yenyewe, basi nimewalisha wenzangu vidonge bure.

Na Shangazi ameanza kuniangalia. Kumbe amefungua kabati langu. Amekuta pakiti ya pedi iko karibu nzima na mwezi umeshapita katikati. Amekuta Panadol. Amekumbuka beseni. Leo akaniketisha na kuniuliza, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko fimbo, ni nani. Nikauliza nani nani? Akasema nisimfiche, yeye ni kama mama, ni yule Evance wa nyumba ya pili?

Evance! Evance anaogopa bata.

Ningeweza kueleza. Ndoo, nailoni, konokono, vidonge. Lakini kila maelezo yanaanzia kwenye lile neno. Nikanyamaza. Na ukinyamaza mbele ya Shangazi umekiri.

Amempigia Baba simu kule Buhemba.

Ijumaa, 19 Septemba

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Baba ametoka machimboni Buhemba, viatu bado vina vumbi jekundu. Baba mdogo Makongoro ametoka Butiama. Kikao sebuleni, wao kwenye makochi, mimi kwenye kigoda. Baba hakunifokea. Afadhali angefoka. Alikaa anaangalia mikono yake, akasema alikuwa ameomba ruhusa ya kesho aje anione nikiogelea, sasa ameitumia leo.

Shangazi akasema kuogelea ndiyo basi, mtu wa hali hii haingizwi majini. Ameshamtumia Kocha ujumbe kwamba ninaumwa, Rhobi ajiandae. Nikasikia kama nimenyang'anywa nguo mwilini.

Baba mdogo akauliza kwa kina Evance kuna ng'ombe wangapi. Akataka kujua pia kama ni wa maziwa.

Na hapo hapo, juu ya kigoda, tumbo likakaza kwa chini. Nikaijua. Imechelewa wiki nzima ili ije kikaoni!

Nikaomba kwenda chooni. Baba mdogo akakataa, akasema nitatoroka. Nikabaki nimesimama. Watu wazima watatu wananiangalia. Kiingereza changu chote hakina kazi humu ndani. Nikamwangalia Baba, maana ndiye aliyekuwa na huzuni peke yake, wengine walikuwa na hasira.

"Baba," nikasema, "nimeingia mwezini. Sasa hivi."

Baba mdogo akaangalia pembeni. Nikaona kama nimeshaanguka, basi nianguke kote.

"Na kesho nataka kuogelea."

Shangazi akapiga kigelegele, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Baba akavua kofia akajifuta uso, muda mrefu kuliko jasho lililokuwapo. Baba mdogo peke yake ndiye aliyeonekana amepata hasara.

Baadaye nikamweleza Shangazi yote. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Halafu akaacha kucheka, akasema naye akiwa msichana kule Guta alikuwaga anakaa ufukweni wiki nzima kila mwezi, anasingizia sikio, mpaka wakamwita kiziwi. Hakuna aliyemwambia kitu. Naye hakuniambia mimi. Alilisema hilo la mwisho kama anajisemea.

Akamtumia Kocha ujumbe mwingine: Jeni amepona. Kisha akanishika mkono hadi duka la dawa na kusimama pembeni ili niseme mwenyewe. Nikasema. Kulikuwa na foleni, nikasema. Mzee Ephraim hata hakuinua macho. Akauliza ndogo au za kati. Akasema ziko rafu ya juu kwa sababu haziulizwi, wasichana wengi huwaga wananunua Panadol.

Jumamosi, 20 Septemba

Asubuhi nilisoma karatasi ya maelezo, ya Kiingereza, nikamtafsiria Shangazi. Yeye alisimama nje ya mlango akiniambia nilegee, nilegee tu, kama anayeelekeza lori kurudi nyuma. Ya tatu ikakubali. Juu yake kaptula nyeusi ya kubana, juu yake ile ya mtindi.

Majini sikukumbuka lolote. Baridi, mawe makubwa upande wa kulia, kelele zote zimezimwa. Tumekuwa wa pili. Bunda wametupita kwa urefu wa mkono. Baba aliita jina langu lote, na la babu juu yake.

Lakini kilichonikaa kichwani ni cha kabla ya filimbi. Tulipokuwa tumejipanga nikaona msichana mmoja wa Butiama amevaa nyeusi chini ya kaptula yake, kama mimi. Mwingine wa Bunda alibaki na kanga kiunoni mpaka mwamuzi alipomwambia aivue. Tukatazamana wote watatu. Tukaangalia pembeni, haraka, kama tuliofanya mazoezi. Neno moja tu pale, kutoka kwa mmoja wetu, na mstari mzima ungepumua. Mimi nilikuwa nimelisema jana yake mbele ya wanaume wawili. Pale lilikataa.

Nimeamua. Kuanzia leo sinyamazi tena. Aibu hii imekwisha na sitapanga mpango mwingine wowote. Nimepigia mstari.

Jumatano, 24 Septemba

Marudiano yametangazwa. Tarehe 4 Oktoba, safari hii kwa wenzetu wa Bunda, ufukwe wa Guta. Matiko amevunjika kidole, kwa hiyo Rhobi anaogelea.

Leo Rhobi alinifuata nyuma ya tangi la maji. Rhobi, anayemjibu hata mkuu wa shule! Akaongelea mvua. Akaongelea mtihani wa Hesabu. Akarudi kwenye mvua. Mwishoni, akiangalia viatu vyake, akasema, "Hivi Jeni, ikikuangukia siku ile ile ya mashindano, wewe unafanyaje?"

Hakusema nini. Haikuhitajika. Uso wake ulikuwa ule ule wangu wa siku ya Panadol.

Pakiti ya tamponi ilikuwa ndani ya begi langu, mgongoni kwangu. Zimebaki tano. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia asijali, aniachie mimi.

Aliondoka anashangaa. Ila nimeshapanga na ni mpango safi, hauna kidonge hata kimoja. Kesho mazoezini nitainua mkono. Nitamwambia Kocha Eliud kwamba pale Guta ameonekana mamba, na kwa usalama wa wote ni vizuri tukasogeza wiki moja. Kocha ananiamini, alishasema mimi ni kiongozi. Rhobi hatalazimika kusema neno lolote kwa mtu yeyote.

Mita tatu, nitasema. Hapana, nne. Na ana watoto.