Pipa la Tolladay

Jumanne, 9 Aprili

Zimebaki siku kumi na nane kabla ya siku ya kuzaliwa kwa Gervase Tolladay. Hotuba yangu imefika kurasa thelathini na mbili. Ukurasa wa kumi na tatu unamnyonyoa profesa mmoja wa London mpaka unyoya wa mwisho. Huyo ndiye anayedai kwamba mtoto wa fundi mapipa kutoka mji mdogo kama wetu wa Ottenham hakuweza kuandika tamthilia ishirini na tatu zinazoigizwa mpaka Tokyo. Eti ziliandikwa na bwana mkubwa fulani mwenye kasri na mbwa wa kuwindia. Upuuzi! Hao mabwana wakubwa hata soksi walivalishwa.

Mke wangu Doreen kauliza kama profesa atakuwepo. Nikasema hapana. Akauliza basi kwa nini wazee wa watu wasimamishwe makaburini dakika hamsini, kwenye baridi, kusikiliza akisutwa mtu ambaye hayupo.  Ameishi nami miaka ishirini na sita juu ya duka la vitabu na bado ana maswali ya namna hiyo.

Tatizo jipya lina jina: Bi. Hilary Croome. Daktari wa meno mstaafu, kahamia hapa mwaka juzi. Kaiandikia kamati ya Marafiki wa Tolladay kupendekeza hotuba iwe ya dakika tano. Tano! Hizo nazimaliza nikisafisha koo.

Nina mpango. Keshokutwa kwenye kikao nitajiuzulu uenyekiti. Watashtuka. Watanisihi. Nitakataa. Watanisihi tena, nitakubali kwa unyonge, na hotuba itabaki na kurasa zake zote. Miaka kumi na mmoja nimelisukuma pipa mbele ya maandamano ya siku yake ya kuzaliwa, kutoka karakana ya baba yake Tolladay hadi mlango wa kanisa alimozikwa. Watampata wapi mwingine?

Alhamisi, 11 Aprili

Wamempata.

Niandike kwa utaratibu. Bi. Croome alieleza hoja yake kwa heshima zote. Alisema mwaka jana wazee wawili walikalia kaburi la mfua chuma, na mmoja alilala. Nikasimama. Nikasema kwamba kama sauti yangu imekuwa mzigo kwa Ottenham, basi naomba nipumzike, na kiti apewe mwenye nguvu mpya.

 Nikahesabu moyoni. Moja, mbili, tatu.

Bwana Nesbitt, katibu, akashusha miwani. Akasema kwamba ombi langu limemgusa sana, na kwamba mtu aliyetumikia muda wote huo asilazimishwe kubaki hata dakika moja dhidi ya moyo wake. Wote wakaitikia. Mtu mmoja akasema, masikini, tumekuwa wachoyo, hatukuwahi kumuuliza kama amechoka. Wakanipigia makofi. Makofi ya kweli! Mama mmoja wa safu ya nyuma alifuta machozi.

Kisha Nesbitt akaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Na katika nchi hii, likishaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, hata mfalme halifuti. Dakika nne baadaye Bi. Croome alikuwa mwenyekiti. Tukanywa chai. Nilikula biskuti tatu kwa hasira na hakuna aliyegundua kwamba ni hasira.

Ijumaa, 12 Aprili

Doreen kasema, "Len, si uende tu ukawaambie unataka kurudi? Maneno matano, mpenzi. Hayatakung'oa jino."

Mwanamke hajui anachosema. Kusema wazi ninachotaka, mbele ya watu walioshika vikombe vya chai! Bora nipite sokoni bila suruali. La suruali watu wangejifanya hawajaliona. Hilo lingine wasingelisahau mpaka nazikwa.

Hapana. Njia ni kudokeza.

Jumamosi, 13 Aprili

Bi. Croome alikuja dukani mwenyewe, na ua la chunguni na kadi iliyotiwa saini na wanachama wote arobaini na mmoja. Kadi ina picha ya mzee amelala kwenye kiti cha bustanini. Nikashukuru. Nikadokeza kwamba mgongo wangu, kwa kweli, haujawahi kuwa imara kama mwaka huu. Akafurahi sana. Akasema ndiyo maana ya kupumzika mapema, mtu akiwa bado na afya.

Nikadokeza kwamba nitaikumbuka kazi ile. Akasema ni kawaida, baba yake pia ilimchukua mwezi mzima, na akanishauri nianze kufuga nyuki.

Tatizo ni kwamba ni mtu mwema. Nimemchunguza kutafuta kiburi, sikukiona. Ingekuwa rahisi kidogo kama angekuwa na harufu ya London. Hata kununua alinunua: juzuu nzima ya tamthilia za Tolladay, ile nzito, na akaniuliza aanze na ipi. Nikamwambia *Mfalme Kiziwi*. Nikamweleza sababu kwa dakika arobaini. Alisimama akasikiliza zote. Sijui kwa nini nimeandika hilo.

Jumanne, 16 Aprili

Mpango wa pipa. Pipa lile ni la mwaloni, zee, lina pete sita za chuma na tumbo lililolala upande mmoja. Haliendi mbele. Linakwenda linakotaka. Nilimwita Bi. Croome kwenye mteremko wa Mtaa wa Kanisa nimfundishe, nikiwa na nia moja tu: aone hatari, aogope, anirudishie.

Nikamwambia hili si jambo la mchezo. Nikamwambia lilimvunja kidole mwenyekiti wa zamani. Nikajiweka sawa, nikalisukuma kwa unyayo, kidogo tu, ili aone lilivyo kaidi.

Likaniponyoka. Likaanza kuteremka. Nikalikimbilia nikipaza sauti ya mamlaka, lakini pipa halijali mamlaka. Likapita mbele ya duka la mikate, likapita kwa mama mwenye mtoto ndani ya gari la kusukuma, likaelekea dirisha jipya la Mzee Gudge, aliyekuwa muuza nyama wetu kabla hajastaafu. Mimi niko nyuma, kofia imeshakwenda zake.

Bi. Croome akanipita. Sketi ya sufu, viatu vya mvua, miaka sitini na tatu! Akaliwahi, akaliwekea mguu ubavuni, likageuka, likasimama kama ng'ombe aliyefika zizini. Alisema siri ni kulisukuma kwa pembeni na sio kwa nyuma. Babu yake alikuwa na kiwanda cha bia.

Mzee Gudge aliyaona yote kutoka mlangoni. Akaniambia, "Len, mwanangu, huyo mama amezaliwa na pipa. Wewe miaka yote ulikuwa unalisindikiza tu."

Ijumaa, 19 Aprili

Wiki hii gazeti la mji limetoka na barua yangu. Niliiandika kwa jina la Mpenda Haki, kurasa tatu, nikidai kwamba Ottenham inamtupa mlinzi wa mwisho wa Tolladay, yaani mimi, Leonard Spurway, wakati wasomi wamezingira lango. Nilieleza maisha yote ya Tolladay humo: alivyotoroka akiwa na miaka kumi na tisa, alivyoandika nyuma ya karatasi za oda za mapipa kwa sababu hakuwa na karatasi nyingine, na alivyorudi nyumbani akiwa na hamsini, London nzima ikimwita, akakaa kwenye kigoda cha baba yake akatengeneza mapipa mpaka akafa. Nani kati ya mabwana wakubwa angerudi kwenye kigoda? Nani?

Mhariri amekata. Iliyobaki ni hii: "Bwana Spurway alikuwa na sauti inayosikika mbali. Tunamtakia mapumziko mema. Mpenda Haki."

Mpaka saa sita mchana watu tisa walikuwa wamenipongeza kwa barua yangu. Nesbitt alisema aliutambua mtindo, ingawa ulikuwa mfupi kuliko kawaida.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeamua kutokwenda. Nitafunga mapazia siku hiyo nisome kitabu cha mimea. Doreen kasema sawa, atakwenda peke yake, na ameanza kupiga pasi koti langu zuri. Nimemuuliza kwa nini anapiga pasi koti la mtu asiyekwenda. Kasema anapenda tu kupiga pasi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda.

Nilijiweka nyuma kabisa, baada ya watoto wa shule na kabla ya mbwa. Sijawahi kuwa nyuma. Mbele kule mtu haoni kitu ila pipa, na hasikii kitu ila pete za chuma kwenye mawe. Nyuma watu wanaongea. Kulikuwa na mwanamke anayemweleza dada yake jinsi alivyoitazama *Mfalme Kiziwi* yeye akiwa na mimba ya miezi minane, akalia mpaka mtu wa tiketi akamletea kiti. Kulikuwa na baba na binti wakibishana kama mfalme alikuwa kiziwi kweli au alijifanya.

Kando yangu alikuwa Mzee Gudge, na fimbo yake. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na tatu, na maisha yake yote amekata nyama. Tulipofika kwenye kona ya benki alianza kusema peke yake, polepole, bila kumtazama mtu. Ni yale maneno ya mfalme akiwa na binti yake aliyekufa mikononi. "Nilipewa masikio mawili, nikayafanya vigingi vya kushikia taji." Yote aliyasema. Mistari ishirini na minane. Alikosea mahali pawili na sikumrekebisha.

Nikamuuliza aliyajifunza wapi. Akasema mkewe alikuwa akimsomea jikoni, yeye Gudge akifua aproni zake. Sasa ni miaka sita tangu amzike, na kila mwaka anayasema hapa kwenye kona ya benki, kwa sababu kuanzia kona ya kanisani mimi nilikuwa nikianza kupaza sauti.

Nilitazama viatu vyangu.

Bi. Croome alisimama mlangoni mwa kanisa akaongea dakika nne. Hakumtaja profesa. Alisema tu kwamba Tolladay alijua jinsi vipande vya mbao vilivyonyooka vinavyopindwa kwa moto na maji mpaka vikashikana visivuje, na kwamba mtu aliyejifunza hivyo akiwa mtoto hahitaji kasri ili kujua jinsi watu wanavyoshikana. Alisema hoja hiyo kaipata kwa Bwana Leonard Spurway, dukani kwake, wiki mbili zilizopita, na kwamba kila anachokijua kuhusu Tolladay kakipata kwake. Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa na kitu jichoni. Upepo.

Basi sasa nifike penyewe. Zilibaki hatua ishirini za mwisho, kutoka lango la nje hadi mlango, ambazo pipa husukumwa baada ya hotuba. Bi. Croome alipita katikati ya watu wote, wakampisha, akaja mpaka nilipo.  Akasema, "Bwana Spurway, hizi ni zako. Ungependa kulifikisha wewe?"

Moyo wangu ukaruka! Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Kisha nikasikia mdomo wangu, mdomo niliolelewa nao, ukisema, "Hapana, hapana, nisingependa kusumbua. Endelea tu."

Nikangoja aseme mara ya pili.

Akanigusa mkono. Akasema anaelewa kabisa, na kwamba anauheshimu uamuzi wangu. Akarudi, akalisukuma kwa pembeni. Lilikwenda moja kwa moja kama limefungwa kamba. Likagusa mlango kwa sauti nzuri kuliko zote lilizowahi kutoa nikilisukuma mimi. Watu wakashangilia. Nami nikashangilia, sikuwa na la kufanya.

Doreen alinishika mkono mpaka nyumbani. Ni mke mwema. Alinikaangia soseji.

Jumapili, 28 Aprili

Nimetafakari asubuhi nzima, kanisani na baada ya kanisa. Doreen kaniuliza kama nimejifunza chochote. Nimemwambia, sana.

Kosa langu jana lilikuwa kukataa kwa upole. Mtu akikataa kwa upole, watu hudhani anamaanisha. Bi. Croome hawezi kulaumiwa.

Kwa bahati nzuri nafasi nyingine imekuja haraka. Alipita hapa baada ya chakula cha mchana, yeye na Nesbitt. Kamati inaniomba niwe makamu mwenyekiti, na mwakani tulisukume pipa pamoja, yeye kushoto, mimi kulia. Pamoja! Sikumbuki mara ya mwisho nilipotaka kitu namna hii. Niliposikia, nilishika meza.

Safari hii nilikataa kwa ukali. Nilikataa mara tatu, mikono nimeiweka mgongoni. Nilisema kwamba sistahili, kwamba sitaki, na kwamba wasinitajie tena jambo hilo. Hakuna mtu Ottenham anayeweza kukosa kuelewa maana yake.

Nesbitt ameliandika. Nimevuta kiti changu karibu na simu, na nimemkataza Doreen kuitumia mpaka watakapopiga.