Ombi la Kurudishiwa Shokapu Zangu Mbovu

Asajile Mwakalobo,
Kata ya Matwebe,
Rungwe.

Kwa Fundi Zuber,
Gereji ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Ibighi, Tukuyu.

YAH: KURUDISHIWA SHOKAPU NA SPRINGI ZANGU ZA MBELE, ZILE MBOVU

Ndugu Fundi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mvua imekuachia walau nafasi ya kuanika ovaroli. Huku kwetu hatujambo. Tatizo ni gari. Gari ni zima mno, na ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Utakumbuka nilikuletea pikapu yangu ya zamani, ile nyeupe ambayo kuhusu weupe wake inabidi mtu aniamini tu. Nilikuja na shida ndogo, tairi za mbele kulika upande mmoja. Wewe ukalala chini yake, ukatoka na uso wa mtu aliyetoka msibani, ukasema shokapu zote mbili za mbele zimekufa, zimetapika mafuta yote, na springi zimechoka, hata moja imekatika kwa chini. Maneno yako yalikuwa haya: "Mzee wangu, hili gari linatembea kwa sala tu." Nikakubali. Ukazibana springi kwa kile kibano chako huku ukitufukuza tusisogee, eti ikichomoka inaweza kuondoka na kichwa cha mtu. Ukafunga mpya kulia na kushoto, na mipira yake ya juu. Sina neno na kazi yako. Kazi ni nzuri. Malalamiko yangu ni kwamba uzuri wake unaivuruga nyumba yangu, na nitaeleza kwa namba ili tusipotezane.

1. Sauti. Gari langu lilikuwa na sauti yake, ngo-ngo-ngo kila shimo, na ilianza kusikika likiwa bado darajani. Wenye ndizi walimaliza chai yao, wakatoa mikungu barabarani bila haraka, wakanisubiri. Sasa natokea kama mwizi. Juzi nimesimama mlangoni kwa mzee Ambindwile, akatoka na taulo kiunoni kuniuliza nimeletwa na nani.

2. Mama Lugano, mke wangu. Katika gari la zamani hakuna aliyezungumza, kwa sababu aliyefungua mdomo aliuma ulimi. Ndoa yetu imestawi katika hali hiyo. Sasa anaongea kutoka nyumbani hadi sokoni Tukuyu bila kumeza mate, na nimeshafahamishwa makosa ya ndugu zangu wote, wakiwemo marehemu.

3. Mchungaji Ambilikile. Tulipokuwa tukiteremka ule mlima wa njia ya Tukuyu alikuwa anaomba kwa sauti, na abiria wote wa nyuma wanaitikia. Ilikuwa ibada kamili. Sasa anasinzia, mdomo wazi, mchana kweupe. Na abiria, kwa kuwa hawaombi tena, wanasengenya. Sisemi dhambi hizo aandikiwe nani, lakini aliyefunga springi anajulikana.

4. Kimo. Lilikuwa limeinama mbele, gari lenye adabu zake. Sasa limeinua pua. Nikipita penye wazee naona haya, na mmoja amekwisha kuniuliza kama nagombea udiwani.

5. Hili sasa ndilo lenyewe, na hayo mengine ungeweza kuyasamehe. Wewe ni mtu wa mjini, wazazi wako walikuja hapa na biashara ya vitenge, kwa hiyo sikulaumu kwa kutojua. Kwetu Wanyakyusa tuliolelewa zamani, mke wa mwanao hukutani naye. Hamtazamani, hampishani njiani, hamsemeshani. Tunaita kutila. Si chuki, ni heshima. Vijana wengi wameiacha, na hata Mchungaji anasema si lazima. Lakini mimi na mkwe wangu Tupokigwe tumeishika tangu mwanangu Lugano alipomleta hapa nyumbani, kabla hajaenda Mbeya kikazi. Mpaka leo sijui sura ya binti yule. Namjua kwa mchi wake kinuni na kwa kikohozi chake. Namjua pia kwa mboga anazopika na kutuletea mimi na mama Lugano, mboga ambazo kwa kweli zinazishinda za mama Lugano mwenyewe. Hilo usilitangaze.

Basi, Fundi, heshima yetu yote ilikuwa imefungwa kwenye zile shokapu mbovu. Akisikia ngo-ngo-ngo anajua baba mkwe anakuja, anaacha njia taratibu, anaingia migombani, napita. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyeaibika. Wewe umeizima sauti ile kwa spana zako.

Tangu siku hiyo namkuta njiani, kwenye kona ya mashamba ya chai, na si mara moja. Mtoto wa watu kajitanda kanga kwa ajili ya mvua, ghafla ananiona, anaruka mtaroni! Nani mwingine anikimbie namna ile kama si mkwe wangu? Nami papo hapo nafumba macho, kama inavyopasa. Kufumba macho ni jambo jema sana kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Kwa mtu aliyeshika usukani lina matatizo yake. Nimeingia kwenye chai ya jirani, na shokapu zako zilinibeba kwa upole kiasi kwamba sikujua nimeacha barabara mpaka majani yalipoanza kuingia dirishani. Kwa zile za zamani ningejua mara moja.

Utasema nitengeneze honi. Honi ilikufa siku nyingi, na sikuihitaji, kwa kuwa mbele yote ilikuwa honi. Na hata ikifufuka, honi ni amri, inamwambia mtu toka. Ile ngo-ngo ilikuwa hodi. Siwezi kumpigia mkwe wangu honi kana kwamba ni mbuzi. Nilijaribu kufunga makopo kwa nyuma, watoto wa kijiji kizima wakanifuata wakiimba, wakidhani nimebeba bibi harusi.

Fundi, naona hapa unacheka. Mimi sicheki. Tupokigwe ni mjamzito, na huyo ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Kila anaporuka mtaroni roho yangu inaruka naye. Naogopa ataanguka vibaya. Naogopa pia atafunga mizigo yake arudi kwao Kawetele, aseme baba mkwe wake amekosa adabu uzeeni. Nampenda binti yule na sina namna ya kumwambia. Hata kumwomba radhi siwezi, maana itabidi nisimame mbele yake, na kusimama mbele yake ndilo kosa lenyewe ninalotaka kumwomba radhi.

Kwa hiyo naomba kwa heshima ufungue hizo mpya na kunirudishia zangu. Niliziona ukizitupa pale karibu na geti. Ile springi iliyokatika irudi upande wake uleule wa kulia, kwani ndiyo iliyokuwa inatoa sauti nzito. Kama wameshazichukua wauza vyuma chakavu, nitafutie nyingine zilizokufa kama hizo, au zilizokufa zaidi. Wewe mwenyewe ulisema wilaya hii imejaa.

Nisalimie mama watoto wako Shamsia, na fundi mwenzako Muddy, na mama wa maandazi, na wote waliokuwa wamesimama mbali siku ile wakiogopa vichwa vyao. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Ni mimi, mwenye gari zima na moyo mzito,
Asajile Mwakalobo.

Nakala:
Mwenyekiti wa Kijiji.
Mchungaji Ambilikile (akiamka).

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimemsomea mama Lugano barua hii ili anisahihishie. Tulipofika namba tano alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka. Anasema yule wa mtaroni si mkwe wetu hata kidogo. Ni Prisca, bibi shamba mpya, na ameshampelekea Mwenyekiti malalamiko kwamba kuna mzee anaendesha gari lisilo na sauti huku amefumba macho. Nakala ya Mwenyekiti nimeifuta.

Nikamwuliza, kama ni hivyo, Tupokigwe huwa yuko wapi ninapopita pale? Akasema, "Baba Lugano, yuko nyuma yako."

Kila siku ya kliniki anapanda nikiwa nimeshakaa kwenye usukani, anaketi katikati ya mikungu, anajifunika turubai, na tukifika Tukuyu anateremka kabla sijazima gari. Abiria wote wanajua. Mchungaji anajua. Zamani kliniki alikuwa haendi kabisa, kwa sababu pikipiki inarusha, na gari langu lilikuwa baya kuliko pikipiki. Alikuwa anaogopa mtoto atatoka njiani, na akanyamaza, kwa kuwa mtu wa kumwambia ningekuwa mimi. Sasa anakwenda, na wauguzi wanasema mtoto anaendelea vizuri.

Hebu fikiria, Fundi. Nimekuwa nikiwabeba wote wawili na sikujua.

Basi usinirudishie kitu. Nakuletea gari ukague springi na shokapu za nyuma, na ukiona zina kasoro yoyote, hata ndogo, zing'oe zote ufunge mpya. Na ukikuta kioo cha kutazamia nyuma kimegeuzwa kinatazama juu, usikiguse. Nimekigeuza mwenyewe, kikae hivyo hivyo.