Marufuku ya Vya Bure

Ilitangazwa rasmi, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama, kwamba Kitengo cha Vibali vya Asali, Tabora, kimeingia katika zama za uchapishaji wa kisasa. Printa imefika. Ilikuwa ya bei chee, lakini Bwana Muntasir, mkuu wa kitengo, aliipa heshima zote: meza yake peke yake na kitambaa cha kufuma juu.

Upungufu ulikuwa mmoja tu, nao mdogo. Haikuchapa.

"Kompyuta haiitambui, bosi," alisema Ruqayya, katibu wake. "Ila mtandaoni ipo programu ya bure, ya watu wanaojitolea. Naiweka sasa hivi."

Muntasir alivua miwani. "Wanajitolea wapate nini?"

"Wengine waweze kuchapa."

Jibu hilo lilimtisha. Katika utumishi wake hakuwahi kuona mtu akitoa kitu bila kutaka kitu, na alikuwa na uzoefu, maana waliotoa walimpa yeye. Papo hapo akapiga marufuku: kitengoni hakipokelewi chochote cha bure, mpaka marufuku itenguliwe kwa waraka uliochapwa na printa hiyo hiyo.

"Sawa bosi," alisema Ruqayya, akaanza utekelezaji. Saa nne chai ya ofisi haikuja. Dereva naye akaeleza, kwa masikitiko, kwamba lifti ya kwenda nyumbani Ipuli nayo ni ya bure. Muntasir alisifu nidhamu hiyo kwa koo kavu.

Ndipo akaingia Demetria, mfuga nyuki wa Ulyankulu, akihema. Lori la mnunuzi lilikuwa nje likiunguruma. Likiondoka bila yeye kupata kibali, jasho lake la msimu mzima limepotea. Mkononi alikuwa na chupa ya asali, ile ya kuonja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu sana," Muntasir aliiambia chupa.

"Mama, hiyo ya bure?" akauliza Ruqayya.

"Ee, kama siku zote."

"Basi iingie kwenye mzigo wako." Akaiongeza kwenye ombi la kibali.

Chai Muntasir angeivumilia. Hata kutembea hadi Ipuli. Lakini asali ya Ulyankulu!

"Natengua marufuku! Chapa waraka!"

"Bila programu ya bure haichapi, bosi."

Muntasir alitazama chupa, akatazama dari, kisha akageukia dirisha. "Weka. Mimi sijaona."

Programu ikawekwa kabla hajamaliza kutoona. Printa ikakohoa, ikatoa kibali cha Demetria kwanza, kwani lori lilikuwa linapiga honi. Muntasir akagonga muhuri bila kusoma. Ukafuata waraka. Akausaini haraka zaidi, akanyoosha mkono.

"Haya mama, ile chupa."

Demetria aliikumbatia. "Mzee wangu, kibali kimeitaja. Ikikosekana kwenye kizuizi cha barabarani watanishika. Na muhuri ni wako." Akatoka mbio.

Chai ilirudi siku hiyo hiyo. Muntasir aliinywa bila asali, akiisikiliza printa ikichapa vibali vya wafuga nyuki wengine, kila kimoja kimetaja asali yote, hadi ya chupa.