Jinsi Januari Mosi Ilivyotikisa Mashine ya Uongo Wetherill Park

Mmegeuza tena nyuso. Niliposimama baada ya ibada pale Macquarie Fields, karatasi ya sheria mkononi, mlitazama viatu vyenu, mkakumbuka ghafla kwamba watoto wana njaa. Nawakumbuka mmoja mmoja, na kila mtu alipokuwa ameketi. Basi leo hamna pa kutokea. Nyamazeni, enyi wana wa kambi na wajukuu wa foleni, mpokee habari kuu ya Méthode, yaani mimi, Mdomo Usio na Mlango, Simba wa Maktaba ya Parramatta, niliyefukuzwa katika maghala yote mema ya magharibi mwa Sydney kwa kosa la kuhutubia wakati wa chai.

Ghala moja la dawa huko Wetherill Park, ambalo sitalitaja, lilitaka dereva wa foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo. Na kila aombaye kazi sharti kwanza afungwe kwenye mashine ya kupima uongo. Nami nilijua, maana nilijisomea mwenyewe, kwamba sheria ya jimbo hili inamkataza mwajiri kumpima mtu kwa mashine hiyo. Nikaivaa sheria kama deraya, nikasimama jikoni, nikanguruma: "Sitaketi! Waje na majeshi yao yote, sitaketi!"

Mke wangu Thacienne, ambaye zamu za kutunza wazee zilikuwa zimemvimbisha miguu, hakuinua hata macho.

"Baba Iteka, utaketi. Hotuba zako hatujaweza kuzipika tukala. Nenda, jibu unachoulizwa, basi."

Shujaa akaketi.

Wakanizungushia mkanda kifuani kama farasi wa sultani, wakanibana vidole, wakaniambia nisitikisike. Amiri wa mashine ile alikuwa Jepchumba, binti wa Kikenya mwenye suti iliyonyooka na sauti ya upole.

"Mzee, tulia tu. Swali hili la kwanza ni la kupasha mashine joto. Ulizaliwa tarehe moja Januari?"

"Ndiyo," nikajibu, kwa sauti ya kuteka miji.

Lo! Mstari kwenye skrini ukaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji.

"Ai, mzee! Hata siku ya kuzaliwa unanidanganya?"

Akauliza tena, nikajibu tena, mstari ukapanda mlima mwingine. Nikaiona foklifti yangu ikiondoka bila mimi, na Thacienne amesimama mlangoni akinisubiri. Ndipo nilipofungua kinywa kupita nilichoulizwa, Thacienne anisamehe.

"Ewe Jepchumba, bibi wa nyaya! Januari mosi tulizaliwa kambi nzima. Kule Kigoma karani wa wakimbizi alikuwa na foleni ndefu na njaa ya mchana, akatuandika sote tarehe hiyohiyo, mtoto na nyanya yake. Kila mwaka Sydney inaturushia fataki bila kujua kwamba ni sherehe yetu. Mama aliniambia nilizaliwa maharage yakivunwa, mvua ikiyaozesha. Mwaka gani, alikufa hajaniambia. Sijui nilizaliwa lini."

Mstari ukalala. Ukanyooka kama shuka iliyopigwa pasi.

Jepchumba akasema: "Pole, mzee."

Hapo mwenye akili angenyamaza. "Tena," nikasema, "sheria inaikataza mashine yako."

"Kumbe unajua! Sasa mbona umekaa?"

"Namwogopa mke wangu."

Mstari haukutikisika hata kidogo. Jepchumba akacheka mpaka akashika meza, akanifungua nyaya kwa mikono yake. "Nenda, mzee. Nitawaambia huna uongo."

Enyi waandishi wa nyakati, chongeni juu ya jiwe: siku ile Wetherill Park mtu alisema kweli mara mbili mfululizo, akavikwa fulana ya njano, akakabidhiwa foklifti!

Lakini msinipigie makofi. Ule haukuwa ushujaa; niliponea huruma ya mtoto wa watu, naye Jepchumba ameshaacha kazi ile. Leo ameitwa Trésor, yule kijana wa kwaya, kwenye kiti kilekile. Naye ni wa Januari mosi. Mstari wake ukianza kuruka, nani atamsikiliza habari za maharage?

Viatu hivyo mnavyovitazama, vifungeni kamba. Simameni. Twende tukazibe mlango wa ghala lile, tukatae nyaya kwa sauti moja, nami nikiwa mbele na fulana yangu ya njano. Twende sasa hivi, kabla Thacienne hajatoka zamu.