Hotuba ya Kuliunganisha Jua na Jenereta Letu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake, wenza wao waheshimiwa, wote mnaokaribia kuwa waheshimiwa, wadau wa nishati, mkunga wetu wa zahanati, fundi wetu wa jenereta, na ninyi wananchi mliosimama juani, itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa kutoka kivulini.)

Leo, kwa unyenyekevu ambao wenzangu wengi hawana, ninazindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Kuingiza Nishati Jadidifu katika Mfumo Uliojitenga wa Umeme wa Dizeli, yaani, kwa lugha yenu, jua litasaidiana na hili jenereta letu ambalo kwa miaka kumi na tisa limekunywa dizeli bila kushiba na kuzimika kila pipa linapochelewa. Upembuzi yakinifu, semina elekezi nne na ziara yangu ya mafunzo ng'ambo vimethibitisha kwamba jua tunalo, na kwamba matumizi ya dizeli yatapungua kwa asilimia sabini, au themanini na mbili ukijumlisha na juhudi zangu binafsi. (Wasaidizi wanacheka.)

(Mkunga anasimama: "Samahani Mheshimiwa, jokofu la chanjo limezimika tangu asubuhi. Likikaa hivi hadi jioni, chanjo za watoto wote nitazimwaga. Hizo paneli pale juu ya bati zinawashwa saa ngapi?")

Swali zuri sana, mama, keti. Suala la chanjo ni mtambuka, na masuala mtambuka yana kamati ndogo, na kamati ndogo ina mwenyekiti, ambaye ni mimi, na mimi nimeshalisikia. (Minong'ono.)

Jua oyee! Inveta na betri oyee! Dizeli kwaheri! (Oyee mbili tatu.)

Kwa kuhitimisha, namshukuru fundi seremala aliyezipaka rangi ya bluu zile mbao arobaini pale juu ya bati, zikang'aa hata wafadhili wakapiga picha na kwenda zao wameridhika. Na kwa dhati ya moyo namshukuru fundi wa jenereta, ambaye asubuhi alipoona dizeli imebaki kidogo alitumia busara, akakata laini ya zahanati ili spika hizi zisinyamaze nikiwa naongea. Mama mkunga, unakwenda wapi, bado sijamaliza shukrani, na sehemu inayokuhusu wewe ndiyo kwanza

(Spika zinazimika. Kwenye kibanda cha jenereta fundi amempisha mkunga, naye amekata laini ya spika na kuirudisha ya zahanati, na kule zahanati jokofu limeanza kunguruma.)